Kiti Kikiachwa Wazi

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazee wa Chake Chake, Pemba, mwanzoni mwa mwaka 2026, na mwalimu mstaafu wa historia na uraia. Msemaji ameiandika upya mwenyewe kwa ajili ya wasomaji.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazee wangu, walimu wenzangu, mama zetu, na nyinyi vijana ambao ndio hasa mlioniita, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mliniomba nizungumzie kinyang'anyiro cha ugavana pale aliyeko madarakani anapoamua kutogombea tena, na nilipolisoma ombi lenu nilicheka kidogo. Hapa kwetu gavana tunayemjua ni Gavana wa Benki Kuu, ambaye hagombei wala hapigiwi kura, na wakuu wa mikoa yetu mitano, miwili ikiwa ya huku Pemba, huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Magavana wa kupigiwa kura wako kwa jirani zetu wa Kenya tangu mwaka 2013, katika kaunti 47 zilizoundwa na Katiba yao ya mwaka 2010, na wako Marekani, ambako kila jimbo kati ya majimbo 50 lina gavana wake. Naomba pia tuelewane mapema kuhusu neno hilo: nikisema jimbo leo, nakusudia nchi ndogo ndani ya Marekani yenye bunge lake na mahakama zake, wala sikusudii jimbo la uchaguzi kama Wawi au Ole.

Nilipomaliza kucheka nikaona kwamba mmeuliza suala letu wenyewe kwa jina la mgeni. Kiti cha Rais wa Zanzibar kina ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano, na kwa Katiba ilivyo, mwenye kiti hicho aliyechaguliwa mwaka 2020 na tena mwaka 2025 hatakuwa mgombea mwaka 2030. Kwa hiyo nitasafiri nanyi hadi Wisconsin na Minnesota, tutapita Mombasa, kisha tutarudi bandarini kwetu. Hoja ninayoibeba katika safari hii ni kwamba kiti kinapoachwa wazi, uchaguzi mzito ni ule wa mwanzo, wa kumpata mgombea, na ule wa Oktoba au Novemba mara nyingi huja kuthibitisha tu kilichokwisha kuamuliwa.

Nianze na Wisconsin, kwa sababu huko jambo hili liko hai mwaka huu huu. Mwezi Julai 2025, Gavana Tony Evers, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu na baadaye mkuu wa elimu wa jimbo zima, alitangaza kwamba hatagombea kipindi cha tatu, akaeleza kuwa anataka kuwa karibu na familia yake. Katiba ya jimbo haikumzuia, kwani Wisconsin haina ukomo wa vipindi vya gavana. Mara ya mwisho kiti hicho kuwa wazi ilikuwa mwaka 2010, na aliyekiacha, Jim Doyle, alitangaza nia yake Agosti 2009, zaidi ya miezi 14 kabla ya uchaguzi. Evers naye ametoa miezi 15 na siku kadhaa. Naomba mzishike hesabu hizo, nitazirudia.

Kilichotokea mwaka 2010 kinafaa kusimuliwa polepole. Doyle alikuwa wa chama cha Democratic, na watu wengi walidhani kwamba makamu wake, Barbara Lawton, ndiye angerithi. Kweli alijitokeza, lakini ilipofika Oktoba 2009 akajitoa. Chama kikamwendea meya wa mji wa Milwaukee, Tom Barrett, na chama cha Republican kikampata Scott Walker, aliyekuwa mtendaji mkuu wa kaunti ya Milwaukee, baada ya kumshinda mwenzake katika mchujo wa Septemba, yaani kura ya wananchi ya kumpata mgombea wa chama. Walker akashinda Novemba kwa takriban asilimia 52. Mwaka uliofuata, 2011, alipitisha sheria iliyowanyima wafanyakazi wengi wa umma, walimu wakiwemo, sehemu kubwa ya haki yao ya kujadiliana mishahara na masharti ya kazi kupitia vyama vyao. Maelfu ya watu wakajaa katika jengo la bunge mjini Madison, saini zikakusanywa za kumwondoa, na Juni 2012 wananchi wakaitwa kupiga kura ya kumrudisha nyumbani. Walker akamshinda Barrett kwa mara ya pili, akawa gavana wa kwanza katika historia ya Marekani kupona kura ya namna hiyo. Aliyekuja kumwangusha, mwaka 2018 na kwa kura zisizofika 30,000, ni yule mwalimu, Evers.

Sisemi kwamba yote hayo yalisababishwa na Doyle kukaa pembeni, kwa maana mwaka 2010 upepo ulikuwa mbaya kwa chama chake karibu kila mahali. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja alipoamua kutogombea, alifungua mlango ambao waliopita humo walibadilisha maisha ya walimu wa jimbo zima kwa zaidi ya miaka kumi, na walimu hao walikuwa na nafasi moja tu ya kuchunguza ni nani anayepita, nayo ni ule mwaka mmoja na ushei wa kabla ya kura.

Kwa nini kiti kilicho wazi kina uzito namna hii? Aliyemo kitini ana mambo matatu ambayo mshindani wake hana: jina lake linajulikana hadi vijijini, wafadhili wanamwogopa au wanamtegemea, na wenzake ndani ya chama hawathubutu kumpinga. Wanaokitamani kiti humeza mate kimya kimya. Anaposema kwamba hataki tena, mate yote yale hutoka kwa siku moja. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, Bob Ferguson, alianza harakati zake Mei 2023, siku moja tu baada ya Gavana Jay Inslee kutangaza kwamba hatagombea kipindi cha nne. Na kwa kuwa tumemtaja, niwape kichekesho kimoja kabla hatujaendelea. Muda wa kuchukua fomu ulipokuwa unakwisha Mei 2024, walijitokeza watu wengine wawili, nao kila mmoja anaitwa Bob Ferguson, wakaandikishwa kugombea kiti hicho hicho baada ya kushawishiwa na mwanaharakati wa upande wa pili. Fikirini karatasi ya kura yenye akina Bob Ferguson watatu! Mwanasheria mkuu akatishia kwenda kwenye sheria, na wale wawili wakajitoa baada ya siku chache. Kiti kinapokuwa wazi hata jina la mtu huweza kuwa silaha.

Sasa nataka tukae zaidi Minnesota, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inapoonekana bila pazia. Juni 2009, Gavana Tim Pawlenty alitangaza kwamba hatagombea kipindi cha tatu. Alikuwa na ndoto za urais wa nchi, ambazo miaka miwili baadaye zilikatika mapema, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Chama cha upinzani cha huko, tawi la Democratic ambalo Minnesota lina jina lake refu la wakulima na wafanyakazi, kiliitisha mkutano mkuu Aprili 2010, na wajumbe wakampa baraka zao Margaret Anderson Kelliher, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo. Laiti mambo yangeishia hapo, yeye ndiye angekuwa mgombea. Lakini huko baraka za mkutano mkuu haziufungi mlango. Mark Dayton, seneta wa zamani na mtoto wa familia tajiri ya wafanyabiashara, hakuziomba kabisa baraka hizo. Alitumia sehemu ya mali yake mwenyewe, akawaendea wananchi moja kwa moja, na siku ya mchujo, tarehe 10 Agosti 2010, akaonekana nyuma katika hesabu za mwanzo, kisha usiku ulipokwenda akampita Kelliher kwa tofauti isiyofika asilimia mbili.

Novemba ilipofika, Dayton akapata kura 919,232 na mpinzani wake Tom Emmer wa Republican akapata 910,462. Tofauti ni kura 8,770 katika jumla ya zaidi ya milioni mbili, na mgombea wa tatu, Tom Horner, alichukua kiasi cha asilimia 12 za kura ambazo hakuna ajuaye zingelala wapi. Sheria ikataka kura zihesabiwe upya kwa mkono, na mwezi wa Disemba Emmer akakubali kwamba ameshindwa. Chama cha Dayton kikapata gavana kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20.

Nawaomba mfikiri juu ya kura mbili hizo pamoja. Ile ya Novemba iliamuliwa na kura 8,770, na ile ya Agosti, iliyoamua Dayton awepo kabisa kwenye karatasi, iliamuliwa na kura chache kuliko hizo. Kama wajumbe wa mkutano mkuu ndio wangekuwa na neno la mwisho, jina la Dayton lisingefika mbele ya mpiga kura wa Novemba hata siku moja. Huenda Kelliher naye angeshinda, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kwa kuwa mchujo wa Minnesota uko wazi, na raia hahitaji kadi ya chama ili kushiriki, uamuzi ulitoka mikononi mwa wajumbe ukaingia mikononi mwa watu.

Isije ikadhaniwa kwamba nauchukulia mchujo wa namna hiyo kuwa dawa ya kila ugonjwa. Massachusetts, gavana wa Republican aliyependwa hata na wapinzani wake, Charlie Baker, alitangaza tarehe 1 Disemba 2021 kwamba hatagombea tena, na makamu wake Karyn Polito akatangaza hivyo hivyo siku hiyo hiyo. Wapiga kura wa mchujo wa chama chao wakamchagua Geoff Diehl, mtu wa siasa kali zaidi aliyeungwa mkono na Donald Trump, wakamwacha mfanyabiashara Chris Doughty aliyekuwa wa wastani. Novemba 2022 Maura Healey wa Democratic akashinda kwa zaidi ya asilimia 63, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana wa jimbo hilo. Mapenzi waliyokuwa nayo watu kwa Baker yalibaki kwa Baker. Hayakurithiwa na chama chake, na waliokipeleka chama hicho kwenye kushindwa ni wanachama wenyewe, kwa kura zao halali. Mchujo wa watu wengi unaweza kukosea kama kikao cha watu wachache kinavyoweza kukosea, ila tofauti ni kwamba makosa ya wengi huwa na wenyewe.

Tuje karibu na nyumbani. Mwaka 2022 magavana watatu wa Pwani ya Kenya walikuwa wamemaliza vipindi vyao viwili, kwa hiyo viti vya Mombasa, Kilifi na Kwale vilikuwa wazi kwa pamoja. Kwale, Salim Mvurya alimwachia makamu wake Fatuma Achani, naye akashinda, akawa gavana mwanamke wa kwanza kule Pwani. Ni mfano mzuri wa makamu aliyetayarishwa, na nautaja upesi kwa kuwa ni nadra.

Mombasa ilikuwa kesi nyingine. Hassan Joho alipomaliza muda wake, ndani ya chama cha ODM walikuwapo wawili wenye nguvu, Abdulswamad Shariff Nassir aliyekuwa Mbunge wa Mvita, na mfanyabiashara Suleiman Shahbal. Watu wakajitayarisha kwa mchujo mkali. Aprili 2022 yakafanyika mazungumzo ya wakubwa, Shahbal akamwachia mwenzake, na mchujo ukawa haupo tena. Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi kabla ya kuondolewa madarakani mwaka 2020, alijaribu kuingia Mombasa kwa tiketi ya chama kingine, akazuiwa. Kisha ikaja balaa ya karatasi za kura zilizochapishwa na picha zisizo sahihi, uchaguzi wa gavana ukaahirishwa kutoka tarehe 9 Agosti hadi tarehe 29, na Nassir akamshinda Hassan Omar wa UDA. Watu wa Mombasa walipiga kura kwa amani na walihesabiwa, hilo halina shaka. Ila lile suala la Nassir au Shahbal, ambalo lilizungumzwa katika kila kibaraza cha Mji wa Kale kwa miezi, hawakuulizwa.

Sisi watu wa Pemba tunalielewa jambo hili kwa karafuu. Karafuu haifiki kituoni kama ilivyoshuka mtini. Kuna usiku wa kukaa jamvini, watoto na mama zao, kuchambua na kutenga makonyo, na kuna siku za kuanika na kukimbizana na mvua. Anayepima kwenye mzani wa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hukuta kazi imekwisha. Na mpiga kura wa kiti kilicho wazi naye ni mtu wa mzani.

Sasa tuseme ya kwetu, na nitasema kwa adabu, kwa sababu baadhi ya ninaowataja wametangulia mbele ya haki na baadhi tunawaheshimu wakiwa hai.

Katika historia ya Zanzibar, kiongozi aliyekiacha kiti cha urais huku Katiba ikiwa bado inamruhusu kukigombea, bila kulazimika wala kuhamia cheo kingine, ni Mzee Idris Abdul Wakil. Aliteuliwa na chama, CCM, mwaka 1985, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoondoka kwenda kushika urais wa Muungano, na uteuzi wenyewe katika Halmashauri Kuu ulikuwa wa kukaribiana sana baina yake na Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi. Mbele ya wananchi lilipelekwa jina moja, la kukubali au kukataa, na kura za kukubali hazikufika theluthi mbili, jambo ambalo kwa zama za chama kimoja lilikuwa kubwa mno. Wazanzibari hawakuwa na jina la pili la kulichagua, lakini walipata njia ya kusema kwamba wanajua kulikuwa na jina la pili.

Mwaka 1990 Mzee Abdul Wakil hakugombea tena. Mimi nilikuwa mwalimu kijana katika skuli moja ya Wete, na nakumbuka jinsi barza zilivyojaa uvumi kwa majuma, kila mtu ana jina lake na ana hakika nalo. Kisha likatoka jina la Dkt. Salmin Amour, uvumi ukakatika kama mvua ya vuli, na siku ya kura tukakuta tena jina moja. Mzee mmoja jirani yetu, mvuvi ambaye hakusoma skuli, aliniuliza siku ile, "Mwalimu, mbona mimi nimeitwa wakati wa kula tu, kupika kulikuwa wapi?" Nilikuwa na shahada ya ualimu na sikuwa na jibu.

Ulipokuja mfumo wa vyama vingi, karatasi ya kura ilipata majina mengi, na hilo ni jambo kubwa ambalo sitalipunguza thamani. Lakini jiko lilibaki pale pale. Mwaka 2000, Dkt. Salmin alipomaliza vipindi viwili, na baada ya chama chake kukataa kumwongezea cha tatu, Kamati Maalumu ya CCM Zanzibar ilimweka mbele Dkt. Mohamed Gharib Bilal, Waziri Kiongozi wa wakati huo. Vikao vya Dodoma vikamteua Mheshimiwa Amani Abeid Karume. Mwaka 2010, Karume alipomaliza, walishindana Dkt. Bilal, Shamsi Vuai Nahodha aliyekuwa Waziri Kiongozi, na Dkt. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa huku kwetu Pemba, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Muungano, naye Dkt. Shein ndiye aliyeteuliwa. Oktoba ile alimshinda Maalim Seif, aliyekuwa sasa mgombea wa upinzani, kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Asilimia moja, ndugu zangu! Katika mashindano membamba kiasi hicho, mgombea mwingine yeyote wa upande wowote angeweza kuleta matokeo mengine, mazuri zaidi au mabaya zaidi kwa chama chake. Uteuzi ndio uliokuwa uchaguzi.

Na kuna jambo moja ambalo wanafunzi wangu hawakuwa wakiliamini mpaka tuhesabu kwa vidole. Tangu cheo cha Waziri Kiongozi kilipoanzishwa mwaka 1983 hadi kilipofutwa mwaka 2010, walikishika watu watano: Ramadhan Haji Faki, Seif Sharif Hamad, Omar Ali Juma, Mohamed Gharib Bilal na Shamsi Vuai Nahodha. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Rais wa Zanzibar, ingawa watatu walijaribu kwa njia mbalimbali. Mtu wa pili katika nyumba hii hakurithi nyumba. Marais wawili wa mwisho, Dkt. Shein na Dkt. Hussein Mwinyi, walitoka katika nyadhifa za Serikali ya Muungano, mmoja Makamu wa Rais na mwengine Waziri wa Ulinzi. Anayetaka kuielewa siasa ya urithi visiwani na asiuone mwelekeo huo, basi anatazama Darajani wakati mambo yako Dodoma.

Mwaka 2020 ndio ulio karibu zaidi na kumbukumbu zenu. Watia nia waliochukua fomu ndani ya CCM walizidi 30, na mkakumbuka wenyewe mzaha uliokuwa mitaani kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo hakikwenda mrama, kwa sababu usukani haukuwa mikononi mwa manahodha hao. Majina yakachujwa hadi yakabaki matatu, na tarehe 10 Julai Halmashauri Kuu ya Taifa ikapiga kura: Dkt. Hussein Mwinyi 129, Dkt. Khalid Salum Mohamed 19, Shamsi Vuai Nahodha 16. Jumlisheni. Kura 164. Nilisema kuhusu kura 8,770 za Minnesota mkashangaa kwa uchache wake.

Kutoka tarehe hiyo ya Julai hadi siku ya uchaguzi, tarehe 28 Oktoba, ni siku 110. Mnazikumbuka zile hesabu nilizowaambia mzishike? Watu wa Wisconsin walipewa miezi 14 hadi 15 ya kuwapima wanaotaka kiti. Mtu anaweza kunijibu, na wengine wamenijibu, kwamba sisi hatuhitaji tangazo, kwa sababu ukomo wa vipindi unatufahamisha miaka mitano kabla kwamba kiti kitakuwa wazi. Ni kweli, na ni neema kubwa ya Katiba. Lakini tunaijua siku bila kuwajua watu, kwa sababu anayeonesha nia mapema huhesabiwa kuwa mkosa adabu. Mwaka 2014 makada sita wakubwa wa CCM, mawaziri wakuu wawili wa zamani miongoni mwao, walipewa adhabu ya miezi 12 kwa kuanza kampeni za urais wa Muungano kabla ya wakati. Naelewa sababu yake, kwa kuwa serikali ambayo kila waziri ana kampeni yake haiwezi kufanya kazi. Gharama yake ni kwamba wananchi wanawasikia warithi watarajiwa wakati wa kuwapima umeshapita, na kampeni zinazokatazwa kadamnasi huendelea usiku, kwa bahasha.

Nisije nikaonekana nampiga mmoja. Upande wa upinzani mkuu nao, kuanzia 1995 hadi 2020, uliweka jina moja tu, la Maalim Seif, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alistahili, na sidhani kwamba kuna mwanasiasa wa visiwa hivi aliyependwa huku Pemba kama yeye. Lakini mti mkubwa hauoti majani chini yake. Alipofariki tarehe 17 Februari 2021, chama chake kilijikuta na kiti cha wazi ambacho hakikuwa kimewahi kukizungumza hadharani, na ilibidi Mheshimiwa Othman Masoud Othman, mgombea wake wa mwaka 2025, ajengewe jina katika muda usiofika miaka mitano, mbele ya watu ambao kwa robo karne walilizoea jina moja. Kiongozi anayependwa sana ana deni zaidi la kusema mapema lini ataondoka, na hili nalisema kwa chama chochote.

Kuna kijana ameniletea karatasi kabla sijasimama, anauliza iwapo napendekeza tuige mchujo wa Marekani, kila raia apige kura ya kumteua mgombea wa kila chama. Hapana. Katika nchi ambayo kura za maoni za udiwani tu huwafanya ndugu wasisalimiane, mchujo wa nchi nzima wenye fedha za namna ile ungetuumiza. Ninalolitaka ni dogo kuliko hilo: majina ya watia nia yatajwe mapema, wasimame pamoja mbele ya wananchi katika viwanja vya Gombani na Maisara waulizwe kuhusu karafuu, bandari na skuli, kabla kikao hakijakaa, ili wajumbe wanapopiga kura zao wawe wamesikia sisi tumesikia nini. Kikao kibaki na uamuzi wake. Ila kifanye uamuzi mchana.

Na kwa wale mnaouliza mwaka 2030 atakuwa nani, kama nilivyoulizwa hata leo asubuhi sokoni nikinunua changu, mimi nawauliza jengine. Chaguzi za ndani za CCM hufanyika kila miaka mitano, zilikuwa 2012, 2017 na 2022, kwa hiyo kwa utaratibu huo zinazofuata ni mwaka 2027, kuanzia shina na tawi, kupanda wadi, jimbo, wilaya na mkoa, hadi Halmashauri Kuu ya Taifa. Wale watakaokaa Dodoma mwaka 2030 na kupiga kura mfano wa zile 164 watapatikana humo, na wa kwanza wao watachaguliwa mashinani, katika vikao ambavyo mara nyingi huwa na watu wachache kuliko mliomo ukumbini humu. Vyama vyengine navyo vina ngazi zake na kalenda zake, na wanachama wake mliopo hapa mnazijua kuliko mimi. Ninyooshieni mikono, wa chama chochote, wangapi kati yenu mnajua jina la mjumbe anayeliwakilisha tawi lenu?

Naiona mikono saba. Tuanze masuali.